Medali na Sarafu za Miaka ya Uhuru: Kuzikusanya, Kuzisoma na Kuzitunza

  Leo hatutazungumza juu ya mbolea ya mahindi wala juu ya kuchemsha maji ya kunywa. Leo tutazame vitu vidogo vya madini ambavyo labda vimo nyumbani mwako wakati huu unaposoma: ndani ya kopo la majani ya chai, chini ya sanduku la nguo, au vimefungwa katika pindo la kitenge cha bibi. Nasema juu ya medali na sarafu zilizotengenezwa ili watu waukumbuke mwaka fulani wa nchi yao, na hasa zile za kuadhimisha Uhuru wetu.

Utaniuliza, "Bwana Elimu, mambo haya yanamfaa nini mkulima wa Laela au mvuvi wa Kirando?" Yanamfaa hivi. Siku moja mtu atakuja kwako na mizani ndogo mfukoni. Ataomba kuona fedha za zamani, ataipima medali ya babu yako kama apimavyo karanga, na atakupa bei ya uzito. Ukipokea, umeuza gramu chache za madini. Lakini pamoja na gramu hizo umetoa jina la babu yako, namba yake ya askari, na pengine ushahidi wa pekee ulioandikwa kwamba mtu huyo alikuwako duniani na alifanya kazi fulani. Wengine huuza kwa shida, nami simlaumu mzazi aliyeuza ili ampeleke mtoto hospitali. Ninalotaka ni hili: mtu akiuza, auze akijua anauza nini, na kabla kitu hakijatoka mlangoni, habari zake ziwe zimekwisha kuandikwa.

Kwanza tupatane juu ya maneno, maana mtaani huchanganywa. Nishani hutolewa na serikali kwa mtu aliyestahili, na kwa kawaida ina utepe wa kuining'iniza kifuani. Hainunuliwi dukani, mtu hutunukiwa. Mathalan mwaka 2014, Muungano ulipotimiza miaka 50, Rais alitunuku nishani za kumbukumbu ya miaka hiyo. Sarafu ya kumbukumbu ni kitu kingine. Hiyo ni fedha halali iliyotolewa na Benki Kuu, na thamani yake imeandikwa juu yake, ila picha na maneno yake yamewekwa kwa ajili ya tukio fulani. Halafu kuna medali ya kumbukumbu ya kawaida, ambayo si nishani wala si fedha. Chama, shule, kampuni au kamati ya sherehe yaweza kuitengeneza, na aliyehudhuria au aliyenunua anayo. Medali za dini zinazovaliwa shingoni, ambazo hapa Ufipa ni nyingi kuliko zote hizo, tuziache leo. Hilo ni somo la mapadre.

Sasa tuje kwenye tarehe, maana hapa ndipo mkusanyaji anapopimwa. Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Luteni Alexander Nyirenda akapandisha bendera na mwenge juu ya mlima Kilimanjaro. Mwaka mmoja baadaye, siku ileile ya 9 Desemba 1962, nchi ikawa Jamhuri. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa 12 Januari 1964, na Muungano 26 Aprili 1964. Jina la Tanzania halikuwapo siku ya Muungano. Lilianza kutumika mwezi Oktoba mwaka huohuo. Mkoa wetu wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, na mwaka 2012 upande wa Mpanda ukatolewa ukawa Mkoa wa Katavi.

Kwa nini nakupa tarehe zote hizi? Kwa sababu zinafanya kazi kama kichungio cha pombe: kilicho kizuri kinapita, makapi yanabaki juu. Mtu akikuletea medali yenye jina la Tanzania, akakuambia kwamba ilitolewa usiku wenyewe wa Uhuru mwaka 1961, umeshajua la kumjibu. Akikuletea yenye maneno "Mkoa wa Rukwa", akasema baba yake aliipokea katika miaka kumi ya Uhuru, toa 1971 katika 1974: mkoa ulikuwa bado miaka mitatu kuzaliwa. Huenda hasemi uongo kwa makusudi. Wazee huchanganya sherehe moja na nyingine, kama sisi tunavyochanganya Krismasi ya mwaka juzi na ya mwaka jana. Lakini tarehe haichanganyikiwi. Angalia pia kama kuna mwaka mmoja au miwili. Ukiona 1961 na 1981 kwa pamoja, ule wa kwanza ni mwaka wa tukio, na wa pili ni mwaka wa kuliadhimisha. Kitu hicho kilitengenezwa kwa ajili ya huo wa pili.

Kwa mtu anayeanza, njia nyepesi ni sarafu, maana zimeandikwa wazi. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa mwezi Juni 1966, na sarafu zake za kwanza zina mwaka huo. Senti 5 ilikuwa na samaki, senti 20 ilikuwa na mbuni, senti 50 ilikuwa na sungura, na shilingi moja ilikuwa na mkono ulioshika mwenge. Hizo hazikuwa za maadhimisho, lakini mwenge ule katika shilingi wakumbusha mwenge wa Kilimanjaro, kwa hiyo mimi huziweka mwanzo wa mkusanyo. Uhuru ulipotimiza miaka kumi, mwaka 1971, ilitolewa sarafu ya Sh. 5 kwa kumbukumbu hiyo, ikiunganishwa na kazi ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Mwaka 1976 ikatoka Sh. 5 ya miaka kumi ya Benki Kuu. Mwaka 1981, miaka ishirini ya Uhuru, zikatoka tatu pamoja: Sh. 20 ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, Sh. 200 ya fedha, na Sh. 2,000 ya dhahabu. Tena mwaka 2011, kwa miaka hamsini, Benki Kuu ikatoa sarafu ya fedha ya Sh. 50,000.

Tazama mwenendo huo kwa jicho la mtu wa kijijini. Sarafu ya 1971 ilikuwa ya Sh. 5 tu, na iliweza kumfikia mtu yeyote aliyeuza gunia la mahindi. Sarafu ya fedha ya 2011 ni kitu cha kununua na kufungia kabatini. Kwa maoni yangu ile ya 1971 ndiyo inayotufundisha zaidi, ingawa bei yake ni ndogo, kwa sababu ilipita mikononi mwa watu. Ukiipata imechakaa pembeni usiidharau. Uchakavu ule ni safari zake.

Nami kama mtu wa elimu ya watu wazima siwezi kuupita mwaka 1971 bila kusimama. Mwaka huo palikuwa na masomo ya redio kwa nchi nzima yaliyoitwa "Wakati wa Furaha", ya kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru. Watu walikaa katika vikundi kama mnavyokaa ninyi leo, wakasikiliza, wakafungua vijitabu, wakajadiliana. Kama nyumbani kwenu kuna kijitabu cha siku zile, hata kama panya wamekula jalada, kiweke pamoja na sarafu ya 1971. Karatasi na sarafu ni mashahidi wawili wa jambo moja, na mashahidi wawili hushinda mmoja.

Lakini Ufipa haikuanza mwaka 1961, na masanduku ya wazee yana vitu vya kabla ya hapo. Vita Kuu ya kwanza ilipita hapahapa kwetu. Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, ilitekwa na majeshi ya Waingereza mwezi Juni 1916. Na vita ilipomalizika Ulaya, Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha askari wake mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Mtu wa Matai anajua Mbala si mbali. Baada ya vita hiyo Waingereza walitoa medali ya fedha yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja, na upande wa pili mtu aliyepanda farasi, pamoja na miaka 1914 na 1918. Askari wa K.A.R., wale ambao wazee waliwaita keya, walikuwa miongoni mwa waliopewa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hili ndilo jambo kubwa la somo la leo. Ukiishika medali hiyo usitazame mbele na nyuma tu. Igeuze, utazame ukingo wake, ule unene mwembamba unaozunguka. Hapo pamepigwa herufi ndogo: namba ya askari, cheo chake, jina lake, na kikosi chake. Jina laweza kuwa limeandikwa vibaya, maana karani aliandika alivyosikia, lakini ni jina la mtu mmoja, si la wawili. Medali elfu zenye mfalme yuleyule na farasi yuleyule zinafanana. Ukingo ndio unaotofautisha. Medali za Vita ya pili, ile ya 1939 mpaka 1945, ambayo vijana wa Tanganyika walipelekwa hadi Burma, hazikupigwa majina na Waingereza. Nyota ya shaba yenye pembe sita aliyorudi nayo mzee haiwezi kukuambia ilikuwa ya nani. Ni wewe utakayesema, au karatasi yake ya kuachishwa jeshi kama ipo. Nyota hiyo ikitoka katika nyumba yake bila maandishi, imekuwa bubu.

Katika kijiji kimoja nilipokwenda kukagua madarasa, mwanafunzi mmoja, mama wa makamo, alinionyesha kidani alichovaa. Kilikuwa medali ile ya farasi. Fundi alikuwa amekata kishikio cha utepe, akatoboa tundu juu ya kichwa cha mfalme, na ili kidani kisikwaruze shingo akapiga tupa ukingo mzima mpaka ukawa laini kama kokoto la mtoni. Mama aliniambia ilikuwa ya babu wa mumewe, aliyekuwa "askari wa zamani". Jina lake la utoto alilijua. Jina la jeshini, namba na kikosi, hakuna aliyejua tena. Nilimsifu kidani chake, maana kilikuwa kizuri na ni haki yake. Tuliandika pamoja yale aliyoyakumbuka, tukajaza nusu ukurasa.

Wengine hutupa vitu vya namna hiyo kwa sababu nyingine. Husema, "Hizi ni za mkoloni." Ni kweli. Mwaka 1935 palikuwa na medali ya miaka 25 ya kutawala kwa Mfalme George wa Tano; mwaka 1937 na 1953 zikatoka za kutawazwa kwa wafalme; na palikuwa na nishani maalumu ya Waafrika waliokuwa machifu. Wako waliozivaa kwa fahari na wako waliozivaa kwa sababu Bwana D.C. alikuwa anatazama. Utawala wa machifu ukaondolewa mwaka 1963, na baadhi ya vitu hivyo vikaonekana aibu. Mimi nasema viwekwe. Mtu akitaka kumweleza mtoto maana ya mkono wenye mwenge katika shilingi ya 1966, hana njia bora kuliko kuiweka shilingi hiyo karibu na medali yenye taji. Mtoto ataelewa mwenyewe kwamba kichwa kimebadilika.

Hapana budi pia tuseme juu ya fedha za Mjerumani, kwa kuwa juu ya jambo hili watu wengi wamepoteza mali. Rupia ya Kijerumani ina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 sehemu 917 ni fedha. Hesabu hiyo ni nyepesi: fedha halisi iliyomo ni kama gramu 10.7. Basi uliza bei ya gramu moja ya fedha siku hiyo kwa sonara wawili, si mmoja. Tuseme kwa mfano tu ni Sh. 2,000. Zidisha: 10.7 mara 2,000 ni Sh. 21,400. Hiyo ndiyo bei ya madini peke yake. Mkusanyaji aweza kuongeza juu yake kwa ajili ya mwaka wake na uzuri wake. Anayekupa Sh. 5,000 anakupunja. Anayekuambia ataileta milioni mia, ila kwanza utoe laki mbili za "kupimia", huyo naye anakupunja, tena zaidi. Usidanganyike pia na shilingi za Afrika Mashariki zenye simba. Zile zilizopigwa kuanzia 1921 mpaka kabla ya 1948 zina fedha robo tu, na zilizofuata hazina fedha kabisa.

Huenda umesikia pia habari za rupia inayovuta punje za mchele. Fedha haivuti mchele, haivuti sindano, haivuti kitu. Hata sumaku ya spika ya redio mbovu haiishiki fedha safi, na hiyo ndiyo njia moja ya kugundua chuma kilichopakwa rangi. Sisi tunaokaa Sumbawanga, mji ambao jina lake kwa Kifipa linatuambia tuutupe uchawi, ingefaa tuwe wa mwisho kununua mchele wa namna hiyo. Babu zetu waliyeyusha chuma katika malungu, na mabaki ya matanuri hayo marefu bado yanaonekana katika uwanda wetu. Watu waliojua kutofautisha mawe yenye chuma na mawe matupu hawakuhitaji mganga wa kuwaambia madini ni nini.

Sarafu ya Mjerumani yenye thamani kubwa kweli ni ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, kwa sababu njia za kuleta fedha kutoka Ulaya zilikuwa zimefungwa. Zilitengenezwa chache, kama 16,000 tu na ushei. Kwa kuwa ni adimu, nakala za kuigiza nazo zipo. Ukiletewa, usinunue mpaka mtu mwenye ujuzi ameipima. Na usiende kuchimba katika ngome au makaburi ya zamani kwa kutafuta "sanduku la Mjerumani". Nchi yetu ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na kuchimba mahali pa kale bila kibali ni kosa. Zaidi ya hayo, ukuta unaochimbwa chini huanguka, na unaanguka juu ya mchimbaji.

Tuje kwenye kutunza. La kwanza ni kuacha kusugua. Najua ni vigumu, maana sisi hupenda kitu king'ae, na mama akiona sufuria nyeusi huchukua majivu. Lakini medali si sufuria. Ule weusi juu ya fedha ni ngozi nyembamba iliyotokana na hewa na moshi, na hauiozeshi. Ukiusugua kwa mchanga, majivu, ndimu au dawa ya meno, unaondoa pia sehemu ndogo ya fedha, na zinazoanza kutoweka ni zile herufi ndogo za ukingoni. Mkusanyaji mwenye akili hulipa zaidi kwa medali nyeusi inayosomeka kuliko kwa medali inayong'aa isiyosomeka. Kama kuna tope, ondoa kwa maji safi na kitambaa laini bila kukandamiza, kisha kausha mara moja. Ukiishika, shika pembeni kwa vidole viwili. Jasho la kiganja huacha alama.

Utepe usifuliwe. Rangi na mistari yake ndiyo inayoonyesha ni medali gani hata kama maandishi yamefutika, na zile za zamani huchuja rangi. Usiifunge medali kwa mpira. Mpira huifanya fedha iwe nyeusi mahali pale ulipogusa. Mfuko laini wa plastiki nao haufai, maana baada ya miaka hutoa utomvu wa kijani unaonata. Bahasha ya karatasi safi, au kitambaa cheupe cha pamba kilichosuuzwa vizuri, ndani ya kopo lenye mfuniko, yatosha. Kopo lisikae jikoni juu ya moshi wala sakafuni. Mvua zetu za Novemba mpaka Aprili huingiza unyevu hadi ndani ya magodoro, na wewe wa bonde la Rukwa au wa pwani ya Ziwa Tanganyika una joto pamoja na unyevu. Mara moja kwa mwezi fungua, tazama, funga tena.

Kisha daftari. Hapa nitakaa kidogo, kwa maana naona bila daftari hakuna mkusanyo, kuna rundo tu. Kila kitu kipewe namba, na namba iandikwe juu ya bahasha, si juu ya medali. Andika kilikuwa cha nani, na wewe umekipata kwa nani na siku gani. Andika upana wake kwa rula. Andika uzito kama umepata mizani ya sonara. Andika maneno yote ya mbele, ya nyuma na ya ukingoni, herufi kwa herufi, hata yale usiyoyaelewa na hata yaliyokosewa. Usimsahihishe karani wa 1919. Halafu, na hii ndiyo sehemu ambayo watu huiruka, andika maneno ya mwenyewe. Kama mzee yu hai, mwulize alipewa wapi, nani alimvika, alikuwa amevaa nini, watu walikula nini siku hiyo, nani wa kijiji hicho hakupewa ingawa alistahili. Swali hilo la mwisho hufungua midomo ya wazee kuliko yote. Andika kwa maneno yake, na kama anasema Kifipa, andika Kifipa. Tafsiri itafuata chini.

Picha ya medali yaweza kupatikana bila kamera. Weka karatasi nyembamba juu ya medali, ishike isisogee, kisha pitisha penseli laini kwa ubavu wake, polepole. Kichwa, maneno na mwaka vitatokea juu ya karatasi. Siku hizi wengi wana simu, na simu inafaa sana, hasa kwa ukingo: iegemeze medali, mwanga uje kutoka upande, piga picha kidogo kidogo ukizunguka. Lakini simu huibwa na huanguka mtoni. Chora pia kwa penseli.

Ukiwa na daftari la namna hiyo utaona jambo ambalo watu wa mjini wenye makabati ya vioo hawalioni. Huhitaji kumiliki medali ili kuikusanya. Unaweza kwenda Namanyere, Mwazye, Mpui na Kasanga, ukaonyeshwa vitu kumi, ukavirudisha vyote kumi mikononi mwa wenyewe, na ukarudi nyumbani na mkusanyo ambao hakuna mwingine kama huo duniani. Wala usimshawishi mzee akuachie kitu chake "kwa usalama". Kikikaa kwake ni salama vya kutosha, maadam habari zake ziko mahali pawili. Familia ikitaka yenyewe kukitoa, Makumbusho ya Taifa yako Dar es Salaam. Na ni ajabu kidogo kwamba jengo lake la kwanza, lililofunguliwa mwaka 1940, lilijengwa kuwa kumbukumbu ya mfalme yuleyule George wa Tano aliye katika medali za keya. Familia na idai hati ya kupokelewa, yenye jina la mtoaji.

Kama medali ni za ndugu wengi, afadhali maneno yasemwe mapema. Sarafu hugawanyika, medali haigawanyiki. Nimeona ndugu wakigombea nyota moja ya shaba ambayo sokoni haiwezi kununua jembe. Yafaa mzee mwenyewe aseme mbele ya watu ni nani atakayeitunza, na wengine wapewe kila mmoja karatasi ya penseli niliyoieleza pamoja na nakala ya ukurasa wa daftari.

Sasa kazi ya kikundi. Kabla ya somo lijalo kila mmoja achukue sarafu ya Sh. 500 aliyonayo mfukoni, ile iliyoanza kutumika mwaka 2014. Aichore kwa karatasi na penseli pande zote mbili, aandike kila neno na kila tarakimu, ataje mnyama aliyemo na mtu aliyemo. Msitazamiane. Halafu linganisheni, mtashangaa jinsi watu kumi wanavyoikosea sarafu waliyoishika kila siku. Baada ya hapo kila mwanakikundi amtafute mzee mmoja katika kitongoji chake mwenye medali, nishani au sarafu ya miaka ya Uhuru, au ya kabla ya hapo, amwombe kwa heshima aione, na ajaze ukurasa mmoja. Mwenyekiti wa kikundi akusanye kurasa. Katibu aandike orodha ya vijiji, si ya thamani, na orodha hiyo isibandikwe ukutani mahali ambapo mwenye mizani ndogo anaweza kuisoma.